Gogo Lililoanguka Mtoni, Liacheni Lilale

Mtu akihamia nyumba yenye kijito nyuma ya uwanja, iwe pembezoni mwa Seattle, Portland au mji wowote mdogo wa pwani ya Oregon, kaskazini-magharibi mwa Marekani, kazi ya kwanza inayomjia kichwani ni usafi. Anafyeka vichaka ili maji yaonekane. Anaopoa matawi yaliyozama, anavuta gogo lililolala katikati ya mkondo, kisha anapanda nyasi za bustani mpaka ukingoni. Sisi tuliolelewa kufagia uwanja alfajiri mpaka mistari ya ufagio ionekane, macho yetu yanaona pamependeza. Kwa samaki, vyura na ndege wa kijito kile, pale pamekuwa mahame.

Kosa hilo halikufanywa na wenye nyumba peke yao. Kati ya miaka ya 1950 na 1970, idara za serikali katika majimbo ya Washington na Oregon zililipa watu na mashine kuondoa magogo mitoni, zikiamini kwamba zinawafungulia samoni njia ya kupanda kwenda kutaga. Mito ikanyooka kama mifereji. Changarawe ikasombwa mpaka mwamba ukabaki wazi, vidimbwi vikafukiwa, na samaki wakakosa makazi. Tangu miaka ya 1980 fedha za umma zimekuwa zikitumika kurudisha magogo mitoni, mengine yakibebwa kwa helikopta. Ndiyo maana nikiona mtu amewasha msumeno kando ya kijito, roho inaniuma.

Msitu wa mvua wa pwani hiyo unaanzia kaskazini mwa California, unapita Oregon, Washington na British Columbia mpaka Alaska. Bonde la mto Hoh, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Olympic, hupata takriban milimita 3,500 za mvua kwa mwaka, kama mara tatu ya Dar es Salaam. Ila sehemu kubwa ya mvua hiyo hushuka majira ya baridi. Julai na Agosti ni kavu, maji hupungua na kupata joto, na hapo ndipo kijito kizima hutofautiana na kijito kigonjwa.

Kwenye miteremko wamesimama wakubwa wa msitu: sprusi ya Sitka, hemloki ya magharibi, mti wa Douglas na mwerezi mwekundu (Thuja plicata). Karibu na maji ukoo hubadilika. Hapo utakuta alda nyekundu, mepo ya majani mapana, mpopla mweusi na mierebi, na chini yake vichaka vya salmonberi na makangaga. Salmonberi hutoa maua ya waridi mapema sana, mara nyingi Machi, wakati uleule ndege wavumaji, wale wadogo wanaonyonya nekta ya maua, wanaporejea kutoka Mexico wakiwa na njaa ya safari. Ukifyeka kichaka hicho Februari, umefunga mgahawa siku wageni wanapoingia. Kuna pia Oplopanax horridus, mmea wenye majani mapana kama ya mpapai na shina lililojaa miiba mpaka kwenye mishipa ya jani. Huota palepale penye utelezi. Ukianza kuteleza, usiushike.

Katika miti hiyo yote, alda ndiyo isiyothaminiwa. Watu huiona kama gugu kwa sababu huota haraka pale mafuriko yalipoacha changarawe tupu. Lakini mizizi yake ina vinundu vyenye bakteria wa jenasi ya Frankia, wanaonasa naitrojeni ya hewani kama inavyotokea kwenye mizizi ya kunde na maharage, ingawa bakteria wa kunde ni wa ukoo mwingine. Msitu mchanga wa alda tupu unaweza kuingiza ardhini zaidi ya kilo 100 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Kwa hesabu ya mkulima, hiyo ni zaidi ya mifuko minne ya urea ya kilo 50, na hakuna aliyeinunua. Tena alda hudondosha majani yake yakiwa bado mabichi, bila kurudisha naitrojeni kwenye shina kabla ya kupukutika. Yakifika majini huoza haraka, na wadudu wanaotafuna majani huyakimbilia kabla ya sindano za hemloki.

Udhaifu wa alda ni kwamba haidumu. Ikifika miaka 60 hadi 70 imezeeka, na gogo lake likianguka mtoni huoza ndani ya miaka michache. Mwerezi mwekundu ukilala majini unaweza kukaa hapo vizazi na vizazi. Kwa hiyo alda huulisha mto na mwerezi huujenga. Ukingo wenye mmoja bila mwingine una pengo.

Tuje kwenye gogo lenyewe. Maji yakiligonga hulazimika kulipanda na kutumbukia upande wa pili, au kujipenyeza chini yake. Namna zote mbili huchimba kidimbwi. Upande wa juu, maji yakipunguza mwendo, changarawe hutuama. Kwa hiyo gogo moja hutengeneza mahali pa kutagia na mahali pa kujificha, hatua chache kutoka moja hadi jingine. Samoni jike huchimba shimo kwa mkia kwenye changarawe ya ukubwa wa kati ya sentimita 1.3 na 10, hutaga na kufukia. Mayai hukaa humo majira yote ya baridi, yakitegemea maji yapitayo kati ya mawe yalete oksijeni. Udongo laini ukiporomoka kutoka ukingo uliofyekwa huziba nafasi hizo. Mayai hukosa hewa, au vifaranga huanguliwa na kushindwa kutoka. Hiyo ndiyo sababu mizizi ya ukingoni ina thamani hata pale ambapo hakuna anayeiona.

Samoni aina ya koho hudhurika zaidi kijito kikisafishwa, kwa sababu watoto wake hukaa kwenye maji baridi ya kijito mwaka mzima au zaidi kabla ya kushuka baharini. Kiangazi wanahitaji kidimbwi chenye kina na kivuli. Mafuriko ya Desemba yakija wanahitaji pa kujibanza: nyuma ya mzizi, kwenye mkono wa pembeni, kwenye bwawa la biva, mnyama anayekata miti na kuziba vijito. Pasipo na vitu hivyo, maji huwasomba kabla hawajawa tayari.

Wanaorudisha magogo kwa makusudi hufuata kanuni ya urefu inayotumika Oregon. Gogo lenye shina la mizizi liwe angalau mara moja na nusu ya upana wa mto, na lisilo na mizizi liwe mara mbili. Upana huo hupimwa mto ukiwa umejaa mpaka ukingoni, kabla haujamwagika. Kijito cha mita 6, basi, kinataka gogo la mita 9 lenye mizizi au la mita 12 lisilo nayo. Likiwa fupi zaidi, mafuriko ya kwanza yatalibeba. Kwa hiyo kosa baya kuliko kuliondoa gogo ni kulikata vipande vya mita moja na kuviacha palepale. Gogo zima hukaa lilipo, lakini vipande huelea mpaka kwenye karavati la kwanza na kuliziba, na barabara huenda nayo. Kama gogo linatishia daraja au nyumba, uliza kwanza. Washington hakuna kugusa mto bila kibali cha idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, hata kama ni ndani ya kiwanja chako.

Ukitaka kujua kijito kina hali gani, geuza jiwe moja polepole kisha lirudishe lilivyokuwa. Chini yake utaona lava wa wadudu wa majini. Wengine wamejijengea vibanda vya vijiwe na vipande vya sindano vilivyounganishwa kwa hariri, wengine ni bapa, wenye mikia miwili au mitatu. Hao ndio chakula cha watoto wa samoni, na ndicho chakula cha Cinclus mexicanus, ndege mnene wa kijivu anayetembea chini ya maji. Huyo anaingia kwenye mkondo mkali akipinda magoti, anapekua mawe akiwa amezama, anaibuka juu ya gogo na kupepesa kope zenye manyoya meupe. Hujenga kiota cha mviringo cha kuvumwani nyuma ya maporomoko au chini ya daraja. Ukimwona anakaa mahali kwa msimu mzima, jua wadudu wapo, na wadudu wakiwapo maji ni baridi na masafi.

Kwenye vijito vya juu, vyembamba na vyenye kasi, anaishi chura asiyefanana na vyura wengine, Ascaphus truei. Halii. Dume ana kitu kama mkia, nacho ni kiungo cha kupandia, kwa kuwa katika maji ya kasi mbegu zikimwagwa nje ya mwili zingesombwa. Kiluwiluwi wake ana mdomo wa kunyonya unaomganda kwenye jiwe, na anaweza kukaa katika hali hiyo mwaka mmoja hadi minne kabla ya kuwa chura. Jirani yake ni salamanda mkubwa wa pwani, amfibia mwenye umbo la mjusi, anayeweza kupita sentimita 30 na ambaye akibughudhiwa hutoa sauti kama mbweko mfupi. Wote wawili hufa maji yakipata joto au mawe yakifunikwa na tope, na vijito vyao mara nyingi havina samaki, jambo linalofanya vilindwe kidogo kuliko vingine. Hilo mimi naliona ni upungufu mkubwa.

Msitu nao hula kutoka mtoni. Samoni hukulia baharini na kurudi kufia mahali alipozaliwa, akiwa amebeba naitrojeni ya bahari ambayo wanasayansi huitambua kwa uzito wa atomi zake. Dubu humkokota mpaka chini ya miti, hula sehemu nono na kuacha nyingine. Tai, fisi-maji na funza humalizia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kutoka kusini-mashariki mwa Alaska ulikuta kwamba asilimia 22 hadi 24 ya naitrojeni iliyomo kwenye majani ya miti na vichaka vya kando ya vijito vya kutagia ilitokana na samoni, na sprusi za hapo zilikua haraka kuliko za vijito visivyo na samaki hao. Kwa hiyo mzoga unaonuka Novemba usiufukie wala kuutia kwenye mfuko wa taka. Uko kazini.

Kuhusu joto, kanuni za Washington zinataka vijito muhimu vya samoni majira ya kiangazi visipite nyuzi 16 za Selsiasi, zikipimwa kwa wastani wa siku saba wa kiwango cha juu cha kila siku. Maji yakizidi nyuzi 20 samaki huanza kuhangaika, na yakifika 23 na kuendelea yanaweza kuwaua. Dawa ni kivuli, na hapa kuna jambo ambalo sisi tuliozoea jua la ikweta hulisahau: huko kaskazini jua la adhuhuri huwa upande wa kusini mwaka mzima. Kama kijito chako kinatoka mashariki kwenda magharibi na una miche michache tu, panda ukingo wa kusini kwanza. Miti ya ukingo wa kaskazini hutupa kivuli chake kwenye nyasi.

Upana wa ukanda wa miti na vichaka wa kuacha ukingoni ni mjadala usiokwisha. Mpango wa misitu ya serikali kuu ya Marekani wa mwaka 1994 uliweka futi 300, kama mita 91, au urefu wa miti miwili, kila upande wa mto wenye samaki. Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataja mita 60. Mwenye kiwanja kidogo hawezi kufika huko, lakini mita 10 za vichaka na miti ni afadhali mara nyingi kuliko nyasi zilizokatwa.

Sasa kupanda. Aliyewahi kupanda muhogo kwa pingili ameshajua nusu ya kazi. Mierebi, mpopla mweusi na Cornus sericea, kichaka chenye matawi mekundu, huchipua kutoka kwenye fimbo iliyochomekwa ardhini. Kata fimbo mti ukiwa umelala, kuanzia majani yapukutike Novemba mpaka kabla macho hayajavimba Machi. Unene uwe wa kidole gumba au zaidi kidogo, sentimita 2 hadi 4, na urefu angalau sentimita 90. Kata ncha ya chini mshazari na ya juu bapa. Mkato huo hurahisisha kuchomeka, na zaidi ya hapo ni alama yako ya kujua wapi ni chini, kwani fimbo iliyochomekwa kichwa chini haitakaa vizuri hata ukiimwagilia kila siku. Ziloweke majini siku nzima au zaidi, kivulini. Fimbo iliyoachwa kwenye buti la gari kwa saa chache za jua imeshapungua nguvu.

Toboa shimo kwa kipande cha nondo, kisha ingiza fimbo ili theluthi mbili hadi robo tatu yake iwe chini ya ardhi na macho mawili au matatu yabaki juu. Ukiipiga kwa nyundo ngumu kichwa kitapasuka, kwa hiyo tumia nyundo ya mpira. Kinachoua fimbo nyingi ni mambo mawili. La kwanza ni nafasi ya hewa kuizunguka, kwa kuwa mizizi haiwezi kushika hewa. Shindilia udongo kwa kisigino mpaka ukiivuta isitoke. La pili ni kutofika kwenye unyevu wa Agosti. Ukingo unaolowa Februari unaweza kuwa mkavu mita moja kwenda chini ifikapo kiangazi, na hapo fimbo ya sentimita 60 iliyotoa majani mazuri Aprili hukauka Julai. Chimba shimo la majaribio mwisho wa kiangazi kabla ya msimu wa kupanda, uone unyevu uko wapi.

Mwerezi, sprusi na hemloki hazipandwi kwa fimbo. Nunua miche yenye mizizi mitupu, uipande kati ya Januari na Machi, mizizi ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka dakika ya kuingia shimoni. Shimo liwe refu kiasi mizizi inyooke, kwani ikipinda kwenda juu mti hudumaa kisha huanguka. Tandaza vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 8 hadi 10 kuzunguka mche, lakini viache nafasi ya vidole vinne kutoka kwenye shina, la sivyo panya watajificha humo na kulitafuna gome. Pale mafuriko yanapofika usiweke kabisa, yatavibeba.

Adui mkubwa wa miche ni nyasi aina ya Phalaris arundinacea, inayofika urefu wa mtu na kulala juu ya kila kitu ikinyeshewa. Kuifyeka ni kuipa nguvu. Inachokiogopa ni giza, kwa hiyo chomeka mierebi mirefu ya mita 2 kwa nafasi ya mita moja au chini, vichwa vikiwa juu ya nyasi tangu siku ya kwanza. Blakberi ya Himalaya nayo ikatwe kisha kitako cha mzizi king'olewe. Usiichanganye na blakberi ya kienyeji, ambayo hutambaa chini kwa shina jembamba na majani madogo matatumatatu. Ya Himalaya ina shina nene lenye pembe, na vijani vitano vyeupe upande wa chini.

Notiwidi ya Kijapani, gugu jingine la ukingoni, ni habari nyingine. Kipande kidogo cha shina au mzizi kikianguka majini huenda kuanzisha shamba jipya chini ya mto. Usiikate kwa mashine ya kufyekea kando ya maji. Piga simu ofisi ya kaunti inayoshughulikia magugu hatari, kwani nyingi hutuma watu wa kuidunga dawa shinani bila kumwaga tone mtoni.

Biva akija, watu hukimbilia mtego. Bwawa lake hupandisha maji ya chini ya ardhi na huwapa watoto wa koho malisho na pa kujibanza. Mwerebi alioukata utachipua tena, lakini mwerezi hautachipua, hivyo zungushia mierezi wavu wa chuma wa matundu ya sentimita 5 kwa 10, urefu mita 1.2, ukiwa mbali na shina kwa shibiri moja. Bwawa likitishia uwanja, bomba pana hupitishwa ndani ya ukuta wake, na mdomo wa upande wa juu hufungiwa kwenye tundu kubwa la wavu ili biva asihisi maji yanapoingia. Usipoufungia ataziba usiku uleule.

Mambo mawili yanaweza kuua kazi yote hiyo hata ukingo ukiwa mzuri. Moja ni karavati jembamba linalomwaga maji kutoka juu kama bomba la mvua, samaki asiweze kuruka. Kipimo kinachotumika Washington ni upana wa mto mara 1.2, ongeza sentimita 60, hivyo kijito cha mita 3 kinataka karavati la mita 4.2. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Marekani iliacha isimame hukumu inayolilazimisha jimbo hilo kubadilisha makaravati yake yanayoziba njia, kwa sababu mikataba ya mwaka 1854 na 1855 iliyahakikishia makabila ya wenyeji haki ya kuvua, na haki hiyo haina maana pasipo samaki. Jingine ni mipira ya magari. Mwaka 2020 ilibainika kwamba kemikali itokanayo na vumbi la mipira hiyo, 6PPD-kwinoni, ndiyo iliyokuwa ikiwaua koho mijini ndani ya saa chache baada ya mvua, kabla hawajataga. Maji ya barabarani yakipitishwa kwanza kwenye mchanganyiko wa mchanga asilimia 60 na mboji asilimia 40, samaki huishi. Kama maji ya njia yako ya gari yanatiririkia kijitoni, kinga hapo kwanza, ndipo upande miti.

Alda za ukingoni zikifika kimo cha nyumba, rudi na miche ya mwerezi uitie chini yake kwa nafasi ya mita 3. Kulungu hupenda mwerezi kama mbuzi apendavyo mahindi machanga, kwa hiyo ivishe wavu tangu mwanzo. Mwagilia Julai na Agosti kwa miaka mitatu ya kwanza, maji mengi mara moja kwa wiki, usinyunyize kidogo kidogo kila jioni. Kila mwaka angalia wavu haujalikaza shina, na mwerezi ukipita kimo cha kulungu uvue.